Tarakilishi kuukuu na fumbo la Januari 1, 1980

MTU akiitoa stoo tarakilishi ya nyumbani iliyoundwa katika miaka ya themanini, akaipangusa vumbi na kuiwasha, huenda mashine hiyo isimwambie lolote kuhusu tarehe. Au huenda ikamwambia, bila kusita, kwamba leo ni Januari 1, 1980.

Wengi hudhani kwamba mashine ya namna hiyo imeharibika. La hasha. Inafanya kile hasa ilichoundwa kufanya, na anayeelewa kwa nini inasema hivyo ataweza kusoma mengi ambayo mwingine hayaoni.

Nalo si suala la kuchekesha tu. Katika diski za zamani mna hesabu za biashara, miswada ya vitabu, kumbukumbu za mikutano na barua za watu waliokwisha kufariki. Kila faili humo imepigwa muhuri wa tarehe. Chukulia kwamba familia moja inafungua diski za marehemu baba yao na kupata rasimu mbili za barua ya kugawa shamba, moja ya Machi 1991, nyingine ya Januari 1980. Ni ipi iliyoandikwa mwisho? Anayezisoma tarehe kama zilivyo atajibu upesi, na huenda akakosea vibaya.

Mahali pa kuanzia

Katika jambo hili msomaji wa Kiswahili ana faida kuliko wengine. Sisi tunaposema saa mbili asubuhi, Mwingereza husema saa nane. Jua ni lile lile na kivuli ni kile kile. Kilichotofautiana ni mahali pa kuanzia kuhesabu: sisi huanza kunapokucha, naye huanza saa sita usiku.

Tarakilishi, au kompyuta kama wengi wanavyoiita, haina kalenda tumboni mwake. Ina namba inayoongezeka. Ili namba hiyo iwe tarehe, sharti waundaji wakubaliane kwanza ni siku gani ihesabiwe kuwa sufuri, na hapo kila kampuni ilifuata njia yake. Mfumo wa DOS uliotumiwa katika mashine za IBM huanza na mwaka 1980. Amiga ya kampuni ya Commodore huanza Januari 1, 1978. Macintosh za awali huanza Januari 1, 1904, na mifumo ya jamii ya Unix huanza Januari 1, 1970. Baada ya hapo huja swali la pili, ambalo ndilo lenye kuleta balaa: namba hiyo imepewa nafasi kiasi gani kabla haijajaa na kurudi mwanzo?

Zisizo na tarehe kabisa

Tuanze na zile maskini. ZX Spectrum ya kampuni ya Sinclair, iliyotolewa Uingereza mwaka 1982, haikuwa na saa ya betri. Ilichokuwa nacho ni kihesabio cha baiti tatu kilichoongezeka kwa moja mara 50 kila sekunde, kikifuata mapigo ya picha kwenye televisheni. Baiti tatu huweza kuhesabu hadi 16,777,215. Kwa mwendo huo, kihesabio hujaa baada ya takriban siku tatu na saa 21, kisha hurudi sufuri. Isitoshe, mashine ilipokuwa ikisoma programu kutoka kwenye kanda, au ikitoa mlio, kihesabio kilisimama. Commodore 64, iliyotoka Marekani mwaka huo huo, ilihesabu saa, dakika na sekunde, na ikaanza upya kila baada ya saa 24. Ilijua wakati lakini haikujua siku, sembuse karne.

Umaskini huo ndio uliozinusuru. Dunia ilipokuwa na wasiwasi usiku wa Desemba 31, 1999, mashine hizi hazikuwa na mwaka wa kukosea.

Muhuri wa 1980

IBM ilipotangaza PC yake Agosti 1981, mashine hiyo nayo haikuwa na saa ya betri. Kila ilipowashwa, DOS ilimwomba mtumiaji aandike tarehe, kisha saa. Mwenye subira aliandika. Mwenye haraka, na binadamu ni mwenye haraka, alibonyeza kitufe cha Enter mara mbili na kuendelea na kazi yake. Kwa huyo siku ilihesabiwa kuwa Januari 1, 1980, saa sita kamili usiku, na saa ikaanza kutembea kutoka hapo.

Hapa ndipo ulipo ufunguo wa fumbo la ile familia. Mnamo Januari 1980 PC ya IBM haikuwepo, wala DOS yake haikuwepo. Kwa hivyo faili ya DOS yenye muhuri wa Januari 1, 1980 haikuandikwa siku hiyo kamwe. Maana ya muhuri huo ni kwamba mashine haikuambiwa tarehe. Rasimu ya “1980” inaweza kuwa ya 1985, na inaweza pia kuwa ya 1993, yaani ikawa ndiyo neno la mwisho la mzee.

Hata hivyo, muhuri huo haufai kupuuzwa wote. Tarehe ni ya uongo lakini saa ina ukweli wake. Ikiwa faili inaonyesha saa sita na dakika 40 usiku, basi ilihifadhiwa dakika 40 baada ya mashine kuwashwa. Faili mbili zenye dakika sita na dakika 55 huenda ziliandikwa katika kikao kimoja, au katika siku mbili tofauti, muhuri hausemi. Atakayetaka kujua zaidi sharti asome yaliyomo: bei zilizotajwa, majina ya watoto waliokwisha kuzaliwa, namba za simu, hata toleo la programu iliyotumiwa kuandika.

Ndani ya diski, DOS huiandika tarehe kwa biti 16, na kila biti ni kama swichi ambayo ama imewashwa ama imezimwa. Biti tano ni za siku, nne za mwezi, saba za mwaka. Swichi saba zinaweza kuhesabu kuanzia 0 hadi 127, na namba hiyo hujumlishwa na 1980. Kwa sababu hiyo muhuri huu unaweza kufika mwaka 2107, lakini hauwezi kurudi nyuma ya 1980 hata kwa siku moja. Msomaji alikumbuke jambo hili la mwisho.

Tarakimu mbili

Mwaka 1984 IBM ilitoa PC/AT, iliyokuwa na chipu ya saa ya Motorola, MC146818, iliyoendelea kutembea kwa betri hata mashine ikiwa imezimwa. Usumbufu wa kuandika tarehe kila asubuhi ukaisha. Lakini chipu hiyo ilihifadhi mwaka kwa tarakimu mbili tu: 84, 85, 86. Baada ya 99 huja 00. IBM ilitenga mahali pengine katika kumbukumbu ya chipu pa kuandika karne, yaani 19 au 20, ila chipu yenyewe haikupagusa mahali hapo. Ilikuwa kazi ya programu ya msingi ya mashine, BIOS, kugundua kwamba 99 imegeuka 00 na kuibadilisha 19 iwe 20. Katika mashine nyingi za miaka ile, BIOS haikufanya hivyo.

Matokeo yalikuwa kioja. Mashine iliyoachwa ikiwa imewashwa usiku ule ilivuka salama, kwa kuwa DOS ilipokuwa kazini ilijihesabia siku yenyewe. Ilipozimwa na kuwashwa tena, iliiuliza chipu, ikajibiwa kwamba huu ni mwaka 1900. Mwaka huo DOS haiwezi kuuandika, maana uko nyuma ya 1980. Basi mashine nyingi zikaonyesha Januari 4, 1980, tarehe ambayo hakuna aliyeitarajia. Tiba nayo mara nyingi ilikuwa nyepesi mno: kuandika tarehe sahihi mara moja kwa mkono.

Nje ya nyumba za watu kasoro hiyo ilivaa sura nyingine. Mteja wa duka la kukodisha kanda za video katika jimbo la New York alidaiwa dola 91,250 mapema Januari 2000, kwa kuwa mfumo wa duka ulihesabu kwamba ameichelewesha kanda kwa miaka 100. Tovuti ya kituo cha unajimu cha jeshi la wanamaji la Marekani, ambacho kazi yake ni kutunza saa rasmi, ilionyesha kwa muda kwamba huu ni mwaka 19100. Mwandishi wa programu alikuwa amehesabu miaka tangu 1900, akapata 100, akaitanguliza 19 kwa mazoea.

Kuna wanaowaita waandishi wa programu wa enzi hizo wavivu. Naona hukumu hiyo ni kali kupita kiasi. ZX81, iliyouzwa kuanzia 1981, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti moja, yaani nafasi ya herufi 1,024, na humo ilibidi viingie programu ya mtumiaji na hesabu zake zote. Aliyeokoa herufi mbili katika kila tarehe alikuwa ameokoa kitu.

Kisha kuna hili la siku 366. Chipu nyingi za saa zilifuata kanuni ya mtoto wa shule: mwaka unaogawanyika kwa nne una Februari 29. Kanuni kamili husema kwamba mwaka unaofunga karne hauna siku hiyo, isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Mwaka 1900 haukuwa nayo, mwaka 2000 ulikuwa nayo. Hivyo chipu isiyojua chochote kuhusu karne ilipatia Februari 29, 2000, ilhali mwandishi wa programu aliyejua nusu ya kwanza ya kanuni na kusahau nusu ya pili alikosea. Chipu zitakazokuwa hai mwaka 2100 ndizo zitakazokosea.

Mwaka wa kukisia

Apple II, ya mwaka 1977, ilitoka kiwandani bila saa. Waliotaka tarehe walinunua kadi ya kuchomeka, na iliyopata umaarufu ni Thunderclock. Kadi hiyo ilijua mwezi, tarehe, siku ya juma na saa, lakini haikujua mwaka. Mfumo wa ProDOS ulilazimika kuukisia. Ikiwa Machi 3 imeangukia Jumapili, basi mwaka ni huu na si ule. Werevu huo ni wa kupendeza, ila una kikomo: siku za juma hujirudia, kwa hivyo jedwali la miaka lililowekwa ndani ya ProDOS lilitosha kwa takriban miaka sita, kisha likahitaji kurekebishwa. Asiyerekebisha hurudishwa nyuma kimyakimya, na faili zake mpya hupigwa muhuri wa miaka iliyopita.

Tarakimu mbili za ProDOS zilitatuliwa kwa kukubaliana: 40 hadi 99 ni miaka ya 1940 hadi 1999, na 00 hadi 39 ni 2000 hadi 2039.

Waliounda Macintosh mwaka 1984 walikuwa waangalifu zaidi. Walihesabu sekunde kwa biti 32, na wakachagua 1904 ili kuukwepa mwaka 1900 na kasoro yake ya siku 366. Kuanzia hapo, kila mwaka wa nne una Februari 29 hadi namba itakapojaa Februari 6, 2040. Lakini dirisha la kuwekea tarehe katika mashine hizo lilikubali hadi Desemba 31, 2019 pekee. Mwenye Macintosh ya zamani leo hulazimika kutafuta programu nyingine ya kuweka tarehe, ingawa saa yenyewe bado ina nafasi.

Wanaozitunza mashine hizi wana ujanja wao. Katika kalenda yetu siku hujirudia kila baada ya miaka 28, mradi tu usivuke mwaka 1900 wala 2100. Mashine isiyokubali 2026 huwekwa 1998, na Jumatatu itabaki Jumatatu. Pasaka na Idd hazitalingana, bila shaka. Vile vile faili zitakuwa na muhuri wa uongo, na ni wajibu wa mwenye mashine kuandika mahali, kwa kalamu na karatasi, kwamba ameirudisha nyuma miaka 28. Asipoandika, atawaachia wajukuu fumbo kama lile la rasimu za shamba.

Kikomo kinachosubiriwa zaidi ni cha mifumo ya Unix inayohesabu sekunde kwa biti 32. Namba hiyo itajaa Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mifumo mipya imehamia biti 64. Walio hatarini ni wenye vifaa vya zamani ambavyo havijabadilishwa programu. Saa ya Amiga itafika kikomo cha namna hiyo miaka minane baadaye, 2046.

Kwa aliye na mashine ya aina hii nyumbani, hata hivyo, kuna jambo la dharura kuliko 2038. Betri ndogo zilizosukuma saa hizo huvuja zikizeeka, na maji yake hula nyaya za shaba kwenye ubao wa saketi. Amiga nyingi zimekufa kwa njia hiyo zikiwa kabatini. Kabla ya kuiwasha, ifungue uikague betri. Ikiwa imeanza kuota ukungu wa kijani au mweupe, itoe. Mashine itasahau tarehe, lakini itaendelea kuwaka.