Katuni ya kutisha nyumbani: zimwi lisivae sura ya jirani

Jioni za Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na baridi ya Karatu ikiwasogeza watoto jikoni karibu na moto, hadithi za kutisha hazingoji kualikwa. Mmoja ataleta ya mchawi anayepanda fisi usiku. Mwingine ataleta ya mumiani wanaozunguka na gari kunyonya watu damu. Anayesoma bweni atakuja na ya shuleni kwao.

Tofauti ya sasa ni simu. Mtoto akiazimwa simu ya mama kwa siku mbili za likizo, anaweza kuigeuza hadithi hiyo kuwa katuni ya dakika moja na nusu na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kulala.

Wazazi wengi hukimbilia kukataza. Lakini kazi hii ina faida: mtoto anayeitengeneza hofu kwa mikono yake huona ilivyoungwa, kipande kwa kipande. Kinachohitaji jicho la mzazi ni swali moja tu: katika katuni hiyo, nani amefanywa zimwi?

Kalabanda wa Kampala

Mwaka 2017 studio ya Creatures ya Uganda ilitoa katuni fupi iitwayo A Kalabanda Ate My Homework, iliyoongozwa na Raymond Malinga. Kalabanda ni kiumbe wa kutisha anayesimuliwa na wanafunzi wa shule za bweni nchini humo.

Utani umo kwenye jina lenyewe: kalabanda amekula kazi ya nyumbani. Kitisho cha bwenini kimegeuka kisingizio cha mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Malinga alichagua vizuri. Kalabanda hana kabila, hana ukoo, wala hakai nyumba ya tatu kutoka dukani. Mtazamaji anaweza kuogopa na kucheka, na kesho yake hakuna mtu atakayepigwa mawe kwa kufanana naye.

Hadithi zilizoua

Si kila hadithi ya mtaani iko hivyo. Oktoba 2016, watafiti wawili wa udongo kutoka kituo cha Selian pamoja na dereva wao waliuawa katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo. Uvumi ulioenea kijijini ulisema ni wanyonya damu. Selian iko Arusha, mkoa huohuo zilimo Karatu na Ngorongoro.

Uvumi huo haukuzaliwa mwaka ule. Tangu enzi za ukoloni mumiani wamesimuliwa pwani na bara, na katika miji kama Nairobi na Kampala hata wazimamoto waliogopwa, ikiaminika wanakamata watu na kuwatoa damu. Zanzibar, mwaka 1995, hofu ya popobawa iliwafanya watu walale nje kwa makundi na kukesha kwenye moto. Mgonjwa mmoja wa akili aliuawa akidhaniwa ndiye.

Hata ile ya mchawi na fisi si ya mchezo. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na alama iliyotajwa mara nyingi ni macho mekundu. Mama aliyepika kwa kuni miaka 50 anajua macho hayo yanatokana na nini.

Mtoto hajui yote haya. Anachora bibi mwenye macho mekundu kwa sababu ndivyo alivyosikia. Anayejua ni mzazi.

Aondolewe mpandaji, abaki fisi

Kubadilisha hadithi si lazima kuipunguzia utamu. Fisi wa Ngorongoro anatosha kutisha bila mtu mgongoni.

Mtafiti Hans Kruuk, aliyewafuatilia fisi wa kreta katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya chakula chao huwinda wenyewe, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayewapora. Mlio wa fisi husikika kilomita kadhaa, na macho yake hung'aa yakimulikwa na tochi. Fisi si mgeni pia katika hadithi za Wairaqw, ambako hukutana na sungura mjanja, kwa hiyo bibi akiulizwa hakosi la kuongeza.

Hadithi inaweza kuwa hii: mtoto ametumwa dukani, amechelewa kwa kucheza mpira. Giza limeingia na ukungu umeziba njia. Anasikia mlio mbali, kisha karibu. Anamulika tochi, yanaonekana macho mawili, halafu manne. Tochi inazimika.

Mwisho wake waamue watoto. Onyo linabaki lilelile ambalo wazee walikusudia walipowatisha wajukuu kwa mazimwi: usitembee peke yako usiku. Kwa familia zinazoishi karibu na wanyama, onyo hilo ni la kweli.

Namna ya kuitengeneza

Njia rahisi ni kupiga picha moja moja. Fisi na mtoto hufinyangwa kwa udongo wa mfinyanzi, au kwa unga wa ngano uliokandwa na chumvi, na ndani huwekwa waya mwembamba ili miguu ikunjike. Kila picha ikipigwa, mguu unasogezwa kidogo. Picha 8 kwa sekunde zinatosha kumfanya fisi atembee. Kwa sekunde 90 hizo ni picha 720, kazi ya siku mbili kwa watoto watatu wanaopokezana. Programu kama Stop Motion Studio huziunganisha kwenye simu.

Simu isitikisike, iegemezwe kwenye mfuko wa maharage. Pazia lifungwe na taa iwe tochi, kwa sababu mwanga wa jua huhama na picha hurukaruka. Pamba iliyochambuliwa ni ukungu.

Hofu yenyewe hukaa kwenye sauti. Maganda makavu ya mahindi yakikanyagwa ni nyayo. Mlio wa fisi upigwe na mtoto aliyeinamisha uso ndani ya ndoo. Na fisi asionekane mwili mzima mapema. Macho mawili gizani yanatisha kuliko fisi mzima kwenye mwanga.

Kabla ya kuituma

Mzazi aitazame kwanza, akiwa na maswali matatu. Je, kuna mtu wa kweli, kabila, dini, mzee, mlemavu au mwenye ualbino anayefanana na zimwi? Je, imetajwa nyumba, shule au gari linalojulikana? Je, mtu akiipokea bila maelezo atadhani ni tukio la kweli?

Jibu likiwa ndiyo hata kwa moja, irekebishwe. Maneno "Hadithi ya kubuni" yawekwe mwanzoni, ndani ya video yenyewe, kwa kuwa maelezo ya pembeni hupotea video ikisambazwa. Sheria ya Makosa ya Mitandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo.

Walio chini ya umri wa kuanza shule wasionyeshwe usiku. Wengi wao bado hawatenganishi sawasawa cha kubuni na cha kweli. Mchana, wakiwa wamekaa na wakubwa wao, inatosha.

Na fisi wa udongo asitupwe siku hiyo. Abaki mezani. Mdogo akiamka usiku akilia, apelekwe amwone, amshike, amvunje mguu akipenda. Asubuhi wakubwa watamfinyanga upya.