Askari anayelia: Daudi na watu wake huko Siklagi

Tusome pamoja 1 Samweli 30:1-25.

Katika makanisa yetu kuna watu waliobeba silaha. Wengine walivaa mavazi ya jeshi la serikali, wengine walitoka porini, wengine walichukuliwa wakiwa watoto. Tunawajua. Wanakaa kwenye benchi la nyuma, karibu na mlango, na usiku wake zao wanawasikia wakipiga kelele katika usingizi. Tumewaombea, tumewawekea mikono, na juma linalofuata tunawauliza: “Ndugu, bado tu?” Swali hilo linawaumiza, na wengine mwishowe wanaacha kuja. Ndiyo sababu tunataka kuangalia vizuri namna Mungu alivyomsimamisha tena askari mmoja katika siku yake mbaya sana.

Daudi alikuwa mtu wa vita tangu ujana wake. Anarudi Siklagi pamoja na watu wake 600, na siku ya tatu wanafika. Wanakuta Waamaleki wameuchoma mji, wamechukua wake na watoto wote. Biblia haisemi kwamba Daudi alianza kwa kuhubiri. Mstari wa 4 unaeleza kwamba walipaza sauti wakalia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Mashujaa 600 wanalia pamoja mbele ya majivu! Sisi tulifundishwa nyumbani kwamba mwanaume halii, na kanisani wengine wetu tukaongeza kwamba mwenye imani halii. Siklagi inakataa.

Watu hao walitoka wapi? Sura ya 22 inatuonyesha mwanzo wao katika pango la Adulamu: watu wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu rohoni, kama 400 hivi. Kukimbia mbele ya Sauli na kulala mapangoni kuliwafanya kuwa ndugu. Siku ya Siklagi hakuna aliyehitaji kumweleza mwenzake kile anachosikia moyoni. Mke mwema ao mchungaji mwaminifu anaweza kumpa askari mambo mengi, lakini hilo hawezi kumpa. Linatoka kwa mtu aliyepita njia ile ile.

Lakini tusiwapambe watu hao. Katika mstari wa 6 wanataka kumpiga Daudi kwa mawe. Kilio kiligeuka hasira. Anayetaka kuwakusanya askari wa zamani asishangae akiona hivyo.

Kisha Daudi akajitia nguvu katika Bwana. Neno hilo tunalihubiri sana. Mstari wa 7 tunaupita mbio. Daudi anamwita kuhani Abiathari amletee naivera, apate kumwuliza Mungu. Huyu Abiathari ni nani? Ndiye aliyeponyoka kule Nobu, siku Doegi Mwedomi alipowaua makuhani 85 kwa amri ya Sauli. Baba yake, Ahimeleki, alikufa. Na mambo hayo yalitokea kwa sababu Daudi alipita pale, akamdanganya Ahimeleki kwamba mfalme amemtuma, akapewa mikate na upanga. Abiathari alipomkimbilia, Daudi hakujitetea. Alikiri kwamba yeye ndiye sababu ya kifo cha nyumba ile nzima, akamwomba akae naye bila woga, kwa kuwa adui yao ni mmoja (22:20-23).

Angalieni, wapendwa. Mtu anayemsaidia Daudi kutafuta uso wa Mungu siku ya Siklagi ni yatima kwa ajili ya kosa la Daudi mwenyewe. Upendo wao haukuanza kwa kusahau. Ulianza kwa kukiri, ukakomaa kwa kukaa pamoja.

Hapa tunagusa jambo zito. Askari wengi hawawalilii tu wenzao waliokufa. Wanalia juu ya mambo waliyofanya, ao yaliyowapata wengine kwa sababu yao. Maombi ya kufunguliwa tunayaamini na tutaendelea kuyafanya. Lakini Mungu alimpa Daudi pia mtu aliyejua yote na hakuondoka. Askari anahitaji mahali pa kusema “ni mimi” mbele ya mtu ambaye hatakimbia, wala hatayapeleka maneno yake sokoni. Si kila ushuhuda ni wa mikrofoni. Hata sisi wa redio inatupasa kujua hilo.

Mwisho tuangalie kijito cha Besori. Watu 200 walichoka sana, wakabaki huko na mizigo. Wale 400 walikwenda, wakapigana, wakarudisha wote waliochukuliwa. Waliporudi, wengine walisema waliobaki wasipewe nyara. Daudi akakataa: aliyeshuka vitani na aliyebaki na vyombo watapata sawasawa. Akaifanya kuwa sheria. Lakini kabla ya ugomvi huo, mstari wa 21 unaonyesha kwamba aliwakaribia wale waliochoka, akawasalimu.

Basi askari wa zamani wa kanisa wakikutana kwa nyumba ya mmoja wao, na chai na mikate, bila mahubiri marefu, kutakuwa na yule atakayekaa kimya mwezi mzima. Huyo ni mtu wa Besori. Asalimiwe kwa jina lake, amiminiwe kikombe kama wengine, na asiulizwe kama bado.