Safari ya Jamaa Nzima: Dar es Salaam na Milima ya Uluguru

Yako mambo mawili yaonekanayo katika nyumba nyingi za bara. La kwanza, baba wa nyumba amekwisha kufika Dar es Salaam mara tano au mara kumi, kwa kazi, kwa biashara, au kwa kesi ya shamba. Walakini mkewe hajaiona bahari hata siku moja, na watoto waijua kwa picha za vitabuni tu. La pili, siku moja baba huyo huona haya, akakopa fedha kwa haraka, akawachukua wote wakati wa sikukuu. Nao hurudi na deni, na deni hilo hulipwa kwa fedha za shule za watoto. Yote mawili si mema. La kwanza ni uchoyo, ingawa mwenyewe hakukusudia uchoyo. La pili ni upungufu wa hesabu. Leo nataka kuwaonyesha wasomaji njia ya tatu, yaani jinsi jamaa nzima wawezavyo kuona mji mkubwa na mlima mkubwa katika safari moja, wakarudi nyumbani bila kudaiwa na mtu.

Tuchukue mfano wa jamaa wakaao Dodoma: baba, mama, na watoto watatu, mmoja wa miaka 10, mmoja wa miaka 7, na mdogo wa miaka 3. Akaaye Manyoni au Singida ataongeza nauli ya basi mpaka Dodoma, lakini mengine yote ni yale yale.

Huenda mtu akauliza, Kwa nini mji na mlima pamoja? Je, mji peke yake hautoshi? Namjibu hivi: mji wa Dar es Salaam na milima ya Uluguru ni kama mtoto na mama yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba mkoa wa Dar es Salaam una watu 5,383,728. Maji wanayokunywa wengi wao hutoka Mto Ruvu, na Ruvu huanza katika misitu ya Uluguru, juu ya Morogoro. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Basi mtoto akinywa maji mjini, na siku mbili baadaye akaona kijito kikitoka chini ya miti mlimani, atafahamu jambo ambalo mwalimu hulifundisha kwa taabu: kwamba msitu ukikatwa huku, watu hupata kiu kule. Tena milima hiyo iko katika njia ya kurudi nyumbani, hivyo kuiona hakuongezi gharama nyingi.

Sasa nitayataja mambo ya kutengeneza, moja moja.

Kwanza, majira. Msisafiri katika masika, tangu Machi hata Mei, maana mvua huharibu njia za mlimani, na barabara nyingi za mjini hujaa maji. Wala msisafiri mwisho wa Desemba, wakati ambapo kila mtu anakwenda kwao na nafasi katika vyombo ni shida. Wakati ulio mwema ni likizo ya Juni. Masika yamekwisha, kipupwe kimeanza, jua si kali, na watoto hawapotezi masomo.

Pili, njia na nauli. Reli ya kwanza kutoka Dar es Salaam ilianza kujengwa mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, na Kigoma mwaka 1914. Siku hizi iko reli mpya, na treni yake huenda kwa umeme, haina moshi. Ilianza kuchukua abiria mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024, na mpaka Dodoma mwezi wa Julai mwaka huo huo. Watoto watafurahi sana treni ipitapo katika mahandaki ya milima ya Kilosa. Nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa mwaka 2024 zilikuwa shilingi 31,000 kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na shilingi 13,000 kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Mtoto wa miaka 4 mpaka 12 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 4 halipi. Kwa hiyo jamaa wa mfano wetu watalipa 62,000 kwa wazazi na 31,000 kwa watoto wawili, jumla 93,000 ya kwenda. Kwa kurudi, huku wakikatisha Morogoro kwa tiketi mbili, waweke kama shilingi 100,000. Lakini nauli hubadilika. Kabla ya kuanza akiba, ulizeni dirishani au katika simu mpate bei ya siku hizo. Tena nunueni tiketi mapema, wala msisahau vitambulisho.

Tatu, akiba. Hapa ndipo safari ipatapo uzima au kufa. Tuseme kwamba gharama yote ni shilingi 480,000. Igawanyeni hivi: treni 200,000, chakula 80,000, daladala na kivuko 30,000, zawadi ya mwenyeji 40,000, malazi ya usiku mmoja Morogoro 40,000, mambo ya mlimani 40,000, na 50,000 ya ugonjwa au jambo lisilotazamiwa. Hizi si bei za serikali, ni mfano tu wa kugawanya. Ukianza mwezi wa Januari, baada ya kulipa mahitaji yote ya shule, una majuma 24 hata likizo ya Juni; basi ni shilingi 20,000 kila juma. Asiyeweza 20,000 na aweke 10,000, aende mwaka unaofuata. Hakuna aibu katika kukawia. Aibu ni kwenda kwa fedha za watu. Kibubu na kishikwe na mama, na watoto wakubwa waambiwe hesabu, wapate kuona jinsi haba na haba ijazavyo kibaba. Mtoto aliyeacha soda kwa ajili ya safari huilinda safari ile kama mali yake mwenyewe.

Nne, mwenyeji. Wengi wetu tukifika Dar es Salaam hufikia kwa ndugu: kwa kaka, kwa shangazi, au kwa shemeji. Desturi hii ni njema, nayo hupunguza gharama nyingi. Walakini tusisahau kwamba ndugu wa mjini hununua kila kitu, hata maji na mkaa. Watu watano wakimwingilia ghafula katika vyumba viwili, atacheka machoni, na usiku ataulizana na mkewe watakula nini mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mpelekee habari mwezi mmoja mbele, umwambie siku ya kufika na siku ya kuondoka, wala usizizidishe. Chukueni vitu vya shamba, kama karanga, unga, au zabibu za Dodoma, na ile 40,000 mama ampe mama mwenye nyumba siku ya kwanza, si siku ya kuaga, ili imsaidie sokoni. Usiku tatu zatosha. Wahenga walisema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi nanyi shikeni jembe, yaani mama asaidie jikoni na watoto wateke maji na kufagia.

Tano, mambo ya mjini. Mengi yaliyo mazuri Dar es Salaam hayalipiwi, au hulipiwa kidogo tu. Siku ya kwanza nendeni pwani, katika Coco Beach, watoto waione bahari na kuchezea mchanga. Lakini mtoto wa bara haijui bahari. Asiingie peke yake hata kama maji yako magotini. Siku ya pili nendeni kwa miguu katika mji wa zamani karibu na bandari, ambayo Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji wake katika miaka ya 1860. Hapo mtaona kanisa la Azania Front na kanisa la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yaliyomalizika mwaka 1902. Khalafu vukeni kwa kivuko mpaka Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo, na watoto watauona mji wote kutoka majini. Siku ya tatu ingieni Makumbusho ya Taifa, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940. Humo ndimo linamohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilifukua Olduvai mwaka 1959, lenye umri wa kama miaka milioni 1.75. Ada ya raia ni ndogo kuliko ya mgeni wa nje. Kila mtoto na apewe karatasi yenye jina lake na namba ya simu ya baba, aiweke mfukoni, maana Kariakoo mtu mzima pia hupotea.

Sita, mambo ya mlimani. Kituo cha treni mpya cha Morogoro kiko Kihonda, mbali kidogo na katikati ya mji, basi wekeni nauli ya daladala. Laleni mjini usiku ule, mkapande asubuhi na mapema. Kwa jamaa wenye watoto wadogo, kilele cha Lupanga, chenye urefu wa meta zaidi ya 2,100, hakifai, kwa kuwa njia yake ni kali na huteleza. Yatosha kupanda kwa utaratibu kuelekea Morningside, penye nyumba ya zamani iliyojengwa wakati wa Wadachi, au kwenda kwenye maporomoko ya maji ya Choma. Ulizeni kwanza habari za kibali na ada, mkachukue kijana mwenyeji awaongoze. Ujira wake ni sehemu ya ile 40,000. Mtapita kati ya mashamba ya Waluguru yaliyo katika miteremko mikali, na hewa itakuwa baridi, basi chukueni masweta. Katika misitu ya juu wako viumbe wasiopatikana po pote pengine duniani, hata yuko ndege mmoja ambaye makao yake ni Uluguru tu. Mkifika penye kijito, baba awaulize watoto, Maji haya yanakwenda wapi? Wale walioyanywa kwa shangazi yao juzi watajibu wenyewe.

Jioni itakapokuja, wote watakuwa wamechoka, na katika mfuko wa mama pengine ile 50,000 ya dharura haijaguswa. Hiyo msiinunulie vitu vya kuonyesha majirani. Irudisheni katika kibubu, iwe mwanzo wa safari nyingine, au isaidie mahitaji ya shule ya Januari.

Basi, wewe baba uliyefika Dar es Salaam mara kumi, leo baada ya chakula cha jioni keti na mama watoto, mchukue kalamu na karatasi, mwandike jina la kila mmoja wa nyumba na nauli yake. Ukiona kwamba jina la mama halimo katika hesabu, anza tena.