Reli iliyogeuka barabara: matembezi ya familia katika njia ya troli ya Mombasa

MKAZI wa Bofu, Likoni, akisikia kwamba nchi nyingine hung'oa reli kuukuu na kuifanya njia ya kutembelea watu kwa miguu, huenda akadhani kuwa hilo ni jambo la Wazungu peke yao. Ukweli ni kwamba ng'ambo ya kivuko, kisiwani Mombasa, ipo njia ya aina hiyo. Maelfu ya watu huikanyaga kila siku bila kujua kuwa palipita reli.

Historia yake yaanzia mwaka wa 1890. Wakati huo Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kujenga reli nyembamba, upana wake futi 2 tu, kwa nia ya kuelekea bara. Fedha zilikuwa haba na mradi ukakwama baada ya kutandikwa maili 7 hivi. Reli kamili, yenye upana wa mita 1, ilianza kujengwa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901.

Vyuma vya ule mradi uliokufa havikutupwa. Vilitandikwa katika mitaa ya kisiwa, na juu yake yakawekwa magari madogo yaliyoitwa troli. Troli haikuwa na injini wala farasi. Ilikuwa kiti chenye paa la turubai juu ya magurudumu manne, ikisukumwa na wanaume wawili waliokimbia nyuma yake juani, na penye mteremko wakiirukia ili kupumzika kidogo. Njia kuu ilitoka kwenye uwanja wa serikali karibu na bandari ya kale, ikapita Ndia Kuu, kisha ikaelekea Kilindini. Maafisa wakubwa walikuwa na vijia vyao vya reli hadi mlangoni mwa nyumba zao, na troli zao wenyewe. Mtindo huo uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920, magari yalipouondoa.

Majina ya mabwana waliokaa vitini tunayapata vitabuni, lakini ya wale waliosukuma ni nadra kuyaona.

Kwa nini njia ya reli humfaa mtu mwenye watoto? Jibu limo katika uzito. Gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza kirahisi, hivyo wahandisi huepuka vilima. Reli ya kawaida ni nadra kupanda zaidi ya mita 2 au 3 katika kila mita 100. Reli ikiondolewa, hubaki njia pana yenye mwinuko mdogo, ambayo mtoto wa miaka mitano au nyanya mwenye maumivu ya goti aweza kuimudu. Ndiyo sababu jimbo la Wisconsin, Marekani, liligeuza reli ya Elroy hadi Sparta kuwa njia ya miguu na baiskeli katika miaka ya 1960. Paris ilifuata mwaka wa 1993 kwa kupanda bustani juu ya reli ya zamani, na New York ikafungua yake, High Line, mwaka wa 2009. Troli nayo, kwa kuwa ilitegemea misuli ya binadamu, ilihitaji mteremko wa wastani zaidi.

Familia itokayo Bofu yafaa iondoke mapema Jumapili, saa kumi na mbili na nusu hivi, kabla ya jua kukolea. Tuktuk au matatu itawafikisha kivukoni, na kwenye feri atembeaye kwa miguu halipi. Watoto washikwe mkono mlangoni mwa feri, maana msukumano wa pale haumjali mdogo. Wakishavuka, matatu ya mjini itawashusha karibu na Mji wa Kale.

Matembezi yenyewe ni takriban kilomita 3. Huanzia kwenye uwanja ule wa bandari ya kale, panaponukia samaki na chumvi. Ndia Kuu hapo ni nyembamba, na milango ya nakshi i karibu kugusana na bega la mpita njia. Mwambie mtoto anyooshe mikono, kisha akadirie reli ya futi 2 na abiria wake wangepitaje baina ya kuta hizo. Mtoto ataelewa kwa mwili wake kile ambacho mwalimu angekieleza kwa ubao mzima. Mwisho wa mtaa ni Ngomeni, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593.

Kutoka Ngomeni, fuata Nkrumah Road kupita Treasury Square, palipo na miti ya kivuli, kisha ushike Moi Avenue, iliyokuwa ikiitwa Kilindini Road. Hapa barabara hupanuka na pembe za ndovu huonekana kwa mbele. Pembe hizo ziliwekwa kwanza mwaka wa 1952 kwa ziara ya bintimfalme Elizabeth wa Uingereza, miaka mingi baada ya troli kutoweka. Wapigapicha hujazana hapo, na muuza madafu huwa hayuko mbali.

Mbele ya pembe hizo malori ya bandarini huongezeka. Mwenye watoto wadogo na akomee hapo, apande matatu zinazoitiwa abiria wa feri. Wakubwa waweza kuendelea hadi upande wa Kilindini.

Kuna tahadhari moja ambayo mwandishi asingependa ipite. Kwa kuwa treni ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017 huishia Miritini, wapo wanaodhani reli ya zamani ipitayo Changamwe imekufa, na watoto huifanya uwanja wa kuchezea. Reli hiyo haijatangazwa kuwa njia ya miguu, na sheria humhesabu atembeaye juu yake kuwa mvamizi. Treni haiwezi kukwepa mtu, na yenye mizigo huhitaji mamia ya mita ili isimame. Njia ya Elroy ilifunguliwa kwa umma baada ya treni ya mwisho kuondoka na vyuma kung'olewa.

Njia ya troli, kwa upande wake, haina treni wala kiingilio. Kinachokosekana ni alama. Kibao kimoja Ndia Kuu, chenye mchoro wa troli na wanaume wawili nyuma yake, kingetosha kumfanya mtoto wa Bofu aulize ni akina nani hao.