Mkulima wa Stroberi Katika Baraza la California

Wahenga walinena kwamba mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Maisha ya kisiasa ya Bw. Abel Maldonado wa jimbo la California, nchini Marekani, yanatupatia nafasi ya kuupima usemi huo.

Bw. Maldonado alizaliwa mwaka 1967. Wazazi wake walikuwa vibarua wa mashambani waliotoka Mexico, naye alichuma matunda ya stroberi angali mtoto. Jamaa hiyo ilianza na shamba la nusu eka katika eneo la Santa Maria, na kwa jitihada ikalikuza hata likawa biashara kubwa. Siasa ilimjia kwa mlango wa biashara: alichoshwa na urasimu alipotafuta kibali cha kujenga jengo la kupozea mazao. Mwaka 1994 alichaguliwa kuwa diwani, mwaka 1996 akawa Meya, mwaka 1998 akaingia katika baraza dogo la kutunga sheria la jimbo, na mwaka 2004 katika Seneti ya jimbo, kwa tiketi ya chama cha Republican.

Ndani ya chama hicho alihesabiwa kuwa mtu wa msimamo wa kati, na jambo hilo lilimgharimu. Mwaka 2006 alipotaka kugombea cheo cha Mdhibiti wa Fedha wa jimbo, wapiga kura wa chama chake walimteua mwingine.

Mtihani mkubwa ulifika Februari 2009. Hazina ya jimbo ilikabiliwa na upungufu wa dola zaidi ya bilioni 40. Sheria ya wakati huo ilidai theluthi mbili ya kura, yaani kura 27 kati ya 40 za Seneti, ili bajeti ipite. Chama cha Democratic hakikuwa na idadi hiyo. Republican nao walikataa katakata kuongeza kodi. Baada ya mabishano ya usiku kucha, Bw. Maldonado aliungana na wenzake wawili wa chama chake, na bajeti ikapita alfajiri ya tarehe 19. Kwa wananchi, maana yake ilikuwa senti moja zaidi kwa kila dola ya bidhaa zenye kodi ya mauzo.

Mfanyabiashara huyo hakuitoa kura yake bure. Alidai kodi mpya ya petroli ifutwe, wajumbe wasiongezwe mishahara wakati wa upungufu, na wananchi waulizwe kama wanataka uchaguzi wa awali usiofungwa na vyama. Wako waliomwita msaliti. Wako waliosema amejitafutia mwenyewe.

Juni 2010 wananchi waliukubali utaratibu huo: wagombea wote huwekwa katika karatasi moja, na wawili wa kwanza huendelea, wawe wa chama chochote. Mwaka huo huo akawa Naibu Gavana kwa uteuzi wa Gavana Schwarzenegger, lakini Novemba alishindwa na Gavin Newsom. Mwaka 2012 alifika fainali ya ubunge wa Marekani kwa utaratibu ule ule alioupigania, akashindwa tena, na Lois Capps.

Basi mpandaji alianguka kweli. Hata hivyo, utaratibu aliouacha ungali ukitumika California, na kila mgombea wa baraza hilo hulazimika kuomba kura hata kwa wasio wa chama chake.