Picha ya Mseto: Kutafuta Istilahi

Mfasiri anayekutana na picha kubwa ya mtu iliyotengenezwa kwa rangi, karatasi, vitambaa, mbao na bati kwa pamoja, hupata taabu kuitaja kwa Kiswahili. Huenda akashawishika kuandika "picha ya vyombo mchanganyiko". Tafsiri hiyo haifai. "Vyombo" humpeleka msomaji jikoni, baharini, au kwenye habari za redio, wala hakumfikishi kwenye karakana ya msanii.

Tuchukue mfano. Mwaka 1959 msanii wa Marekani Robert Rauschenberg (1925–2008) alitengeneza kazi iitwayo Trophy I kwa heshima ya rafiki yake, mcheza dansi Merce Cunningham. Juu ya turubai alipaka rangi za mafuta, kisha akaambatisha karatasi, kitambaa, mbao, madini na picha ya kamera. Mwenye kuandika kibandiko cha maelezo akisema "picha ya rangi" tu, amepotosha, na upotoshaji huo una gharama. Mtunzaji wa makumbusho huyategemea maelezo hayo ili ajue ni sehemu ipi ataigusa kwa maji na ni ipi isiyovumilia unyevu. Gazeti hugeuka manjano kwa mwanga. Bati hushika kutu na kutia doa kitambaa kilicho jirani. Gundi ya wanga huvuta wadudu, jambo ambalo sisi wa nchi za joto hatuhitaji kufundishwa. Tena picha ikiwa kubwa, uzito wa vilivyobandikwa hulegeza turubai, ndiyo maana wengine hupendelea ubao.

Tunapendekeza "picha ya mseto". Mchele na choroko huingia chungu kimoja, na mlaji bado anakitambua kila kimoja. "Mchanganyiko" hauna sifa hiyo, kwani hata rangi mbili zilizokorogwa ni mchanganyiko. Aidha, mkulima na mwanasiasa wamekwisha kulizoea neno hili katika "kilimo mseto" na "serikali ya mseto". "Kolaji" ibaki kwa picha za kubandika, ambazo Picasso na Braque walianza kuzifanya mwaka 1912. Kolaji ya karatasi tupu si mseto.

Limebaki tatizo ambalo si la msamiati. "Picha ya mseto ya rafiki" yaweza kuwa picha inayomwonyesha rafiki, aliyoitengeneza rafiki, au anayoimiliki rafiki. Katika mazungumzo hilo halidhuru. Katika daftari la mali, au hati ya haki za msanii, kiunganishi hicho kidogo chaweza kumnyang'anya mtu kazi yake. Hapo mfasiri asione uvivu kurefusha: "Picha ya mseto inayomwonyesha Fulani; imetengenezwa na Fulani; rangi za mafuta, gazeti na kitambaa juu ya ubao."