Jiko katika Upepo wa Mlimani

Mtu atokaye Nangara, mjini Babati, akapanda Mlima Hanang wenye kimo kizidicho mita 3,400, huenda akaliona jiko lake la gesi likififia usiku. Sababu ni mbili. Upepo huusukuma mwali kando ya sufuria. Tena, butani iliyo kimiminika mtungini huupoza mtungi inapogeuka mvuke. Ikikaribia nyuzi 0 za Sentigredi, kanieneo hupungua na gesi hutoka kwa unyonge.

Basi sufuria ifunikwe, mtungi uwekwe juu ya ubao, si juu ya ardhi baridi, na mawe yapangwe upande utokako upepo. Lakini mtungi usizingirwe pande zote, maana joto laweza kuupasua. Wala jiko lisiwashwe hemani, kwani kaboni monoksaidi haina harufu, nayo huua.